Muuguzi mwenye uraibu naye ni mgonjwa

Mimi ni muuguzi hapa Florida. Mwenzetu anayejichukulia fentanili (dawa kali ya maumivu) ya mgonjwa ni hatari, hilo halina mjadala, lakini naye anaumwa. Wodini, dozi isipotumika yote, mabaki humwagwa mbele ya shahidi, kisha wote wawili huthibitisha. Mara nyingi mambo huharibika hapo: tunathibitisha tusichokiona, kwa kuoneana haya au kwa sababu zamu imetuelemea. Siku barua ya uchunguzi wa leseni ikimfikia mwenzetu, sote tunajifanya hatumjui.

Florida ina mpango wa kuwasaidia wauguzi wa namna hiyo, uitwao Intervention Project for Nurses, tangu 1983. Muuguzi huchunguzwa, hupelekwa kwenye tiba, hupimwa kwa kushtukizwa, na ufuatiliaji huendelea hata baada ya kurudi kazini. Akitimiza masharti anaweza kuinusuru leseni yake. Si mteremko, lakini wapo wanaorudi, tena wauguzi hodari.

Ndugu zangu mliotoka Afrika Mashariki, aibu yetu naijua. Mtu ndiye tegemeo la wazazi kule nyumbani, ada za wadogo zake ziko mabegani mwake, na hathubutu kumwambia hata mwenzi wake. Tafadhali, barua hiyo ikikufikia, usiifiche kwenye droo, wala usiijibu peke yako usiku huku mikono inatetemeka. Mwone kwanza wakili anayeshughulikia leseni za wauguzi. Na kama barua haijaja bado lakini unajijua, omba tiba leo, kabla mgonjwa hajaumia mikononi mwako.