Bunduki ya ndege ya kivita yarudi kazini

Tangu Wahouthi waanze kushambulia meli Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, sisi wa Mombasa twahesabu siku za mizigo kuchelewa. Mimi nina hesabu nyingine. Droni ya aina ya Shahed inakadiriwa kugharimu dola 20,000 hadi 50,000. Kombora la Sidewinder la kuitungua linapita dola 400,000. Ni sawa na kumrushia kunguru simu ya laki moja.

Ndipo bunduki ya ndege, iliyokwisha kuzikwa, ikafufuliwa. Wamarekani waliingia vita vya Vietnam na ndege za Phantom zisizo na bunduki ndani, wakiamini kombora litamaliza kila kitu. Makombora ya wakati ule yalikosa mara nyingi mno, na toleo la F-4E likaja na mzinga wa milimita 20 puani. Hadithi hiyo hupendwa sana, ila huachwa nusu: jeshi lao la majini halikuweka bunduki ndani ya Phantom zake. Mwaka 1969 lilianzisha shule ya Topgun, marubani wakafunzwa upya, na matokeo yakawa bora.

Wanaoshangilia leo hutaja Ukraine. Jeshi la anga la huko lilisema kuwa Desemba 2024 rubani wake wa F-16 aliangusha makombora sita ya Urusi katika safari moja, mawili kwa bunduki baada ya makombora yake mwenyewe kwisha. Ni ushujaa, sikatai. Lakini droni huenda polepole, na ndege ya jeti haiwezi kupunguza mwendo hivyo. Rubani ana nukta chache za kulenga, tena kwa karibu. Aprili 2024, usiku Iran ilipoishambulia Israeli, F-15E ya Marekani iliyoishiwa makombora ilijaribu bunduki gizani, chini karibu na ardhi, ikakosa. Oktoba 2022 rubani wa MiG-29 wa Ukraine alitungua Shahed, vipande vikaipiga ndege yake, akaruka kwa mwavuli. Na F-35A hubeba risasi kama 180 tu. Hazimalizi sekunde nne.

Wamarekani wenyewe sasa wanazifunga F-16 zao roketi za milimita 70 zinazoongozwa kwa leza, rahisi mno kuliko kombora. Naona huko ndiko mambo yanakoelekea, bunduki ibaki akiba ya mwisho.

Nasi je? F-5 zetu za Laikipia zina mizinga ya milimita 20 tangu zamani, kwa hiyo kuna atakayesema tumejikinga. Mimi nataka wabunge wa Pwani waulize jambo moja bajeti ya ulinzi ikifika mezani. Risasi iliyokosa haipotelei angani. Ikianguka baharini, sawa. Ikianguka Changamwe, penye matangi ya mafuta, nani atajibu?