Kiswahili Kwenye Ratiba, Kibao Shingoni

Kuna shule za sekondari nchini Uganda ambamo Kiswahili kimo kwenye ratiba saa nne asubuhi, na saa saba mchana wa siku hiyohiyo mwanafunzi akikisema uwanjani anavishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya kienyeji. Atakivaa mpaka amnase mwenzake, amkabidhi. Nilisoma katika shule ya namna hiyo, si mbali na makazi ya wakimbizi, na waliokivaa mara nyingi zaidi walikuwa Wakongo. Mnyankole anaweza kuficha Runyankole yake mpaka usiku bwenini, kwa kuwa mchana ana Kiingereza cha kumsitiri. Mtoto aliyewasili juzi kutoka Kivu hana lugha nyingine ya kuombea chumvi.

Ndugu wasomaji, tutazame sheria. Katiba yetu, kifungu cha 6 kama kilivyorekebishwa mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 umekifanya somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kila tarehe 7 Julai tunavaa khanga, tunaghani mashairi, na wageni waalikwa wanatupigia makofi. Lugha rasmi ya nchi inakuwaje kosa la nidhamu?

Walimu wakuu wana jibu lao: mitihani ya taifa ni ya Kiingereza, na watoto wasipobanwa watafeli. Hoja hiyo ina uzito. Aliyesomeshwa kwa Kifaransa Goma au Bukavu anahitaji Kiingereza, tena upesi. Ila sijapata kuona mtu aliyejifunza Kiingereza kutoka kwenye kipande cha ubao. Niliowaona walijifunza kunyamaza: darasani, mezani, hata wakiumwa. Shule inayotaka wajue Kiingereza ingewawekea vipindi vya jioni na mwalimu wa kuwafundisha. Kibao kinapendwa kwa sababu hakina gharama.

Halafu kuna kurudishwa madarasa. Kijana wa miaka kumi na minane anapimwa kwa karatasi ya Kiingereza, anashindwa, anaketishwa na watoto wa miaka kumi na mitatu wanaomwita mzee. Milinganyo anaijua, asichokielewa ni lugha ya swali. Wawili wa aina hiyo nilikuwa nao darasani, na muhula wa pili hawakurudi. Hakuna aliyewafukuza, kwa hiyo hakuna aliyeulizwa.

Lakini lawama kubwa naileta kwetu sisi wa Kiswahili. Mngedhani kwamba kipindi cha Kiswahili, angalau, ndicho cha mtoto huyu kupumua. Akisema "batoto" badala ya "watoto", au "niko naandika" badala ya "ninaandika", darasa zima linaangua kicheko, na mwalimu anacheka nalo. Wanaocheka, wengi wao, hawawezi kununua ndizi sokoni kwa Kiswahili. Mwisho wa muhula wamekariri ngeli wakapata alama nzuri, naye aliyeota ndoto kwa lugha hii tangu utotoni anaandikiwa "ajitahidi".

Na sisi chuoni tunafanya nini? Katika somo la lahaja tunaorodhesha Kiunguja, Kimvita, Kiamu, kisha tunaongeza Kingwana cha Kongo ili orodha ikamilike. Tunapata alama zetu. Msemaji wa Kingwana mwenyewe akitokea mbele yetu, tunasema hajui Kiswahili. (Nimelisikia hilo likisemwa ukumbini humuhumu, tena na mtu aliyefaulu somo hilo.)

Mwenzangu mmoja alinionya kwamba tukiruhusu "batoto" tutaiharibu lugha. Sikusema iandikwe kwenye mtihani. Usanifu uliojengwa juu ya Kiunguja tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 una faida yake, nami naufuata katika insha hii. Mwalimu amwambie tu mtoto: nyumbani mnasema hivi, kwenye karatasi tunaandika hivi. Ni sentensi moja, na haihitaji kicheko. Kisha amwombe asome kifungu kwa sauti, kwa sababu katika darasa lile pengine hakuna mwingine anayeweza kukisoma bila kukwama, na shule zetu nyingi zinalia kwamba hazina walimu wa Kiswahili wa kutosha.

Najua pia kwamba wazazi wetu wengi walikisikia Kiswahili kwanza kinywani mwa askari, na kwamba aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 alikuwa Idi Amin. Woga huo naulewa. Mtoto wa Kivu hahusiki nao. Yeye mwenyewe amekimbia watu wenye bunduki.

Karibu tutakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Tumeelekezwa kuandaa somo kwa darasa linaloanzia "hujambo". Hatujaelekezwa la kufanya pale nusu ya darasa inapoanzia hapo na nusu nyingine imelelewa kwa lugha hiyo. Naiomba idara iliingize jambo hili katika somo la mbinu za kufundisha kabla hatujapangiwa shule, maana baadhi yetu tutapelekwa Isingiro, Kyegegwa na Kikuube, na wanafunzi hao tutawakuta huko.