Polaris Si ya Kila Mtu
Manze, tuache kuiga kila video ya majuu. Zinakwambia uanze kwa kulenga Polaris. Sisi wa Nanyuki tuko kwenye ikweta; hiyo nyota imelala kwenye upeo, huioni. Mimi nilikadiria tu, nikaamini PHD2, programu inayofuata nyota moja na kurekebisha darubini, itaniokoa. Wapi! Nyota iliyofuatwa ilitulia, zingine zikaizunguka. Picha ya dakika 10 ikaharibika.

Dawa iko ndani ya PHD2 hiyo hiyo, tena ya bure: Drift Align. Angalia nyota ya utosini. Ikihama kaskazini au kusini, geuza stendi kushoto au kulia mpaka itulie. Rudia na nyota ya mashariki, sasa ukiinua au kushusha.

Kabla uchome doh kwa darubini kubwa, jifunze hii kwanza. Ikweta inatupa anga ya kaskazini na ya kusini. Tusiikose juu ya uvivu.