Tumbo Limejaa, Mwili Una Njaa

Katika nchi kame ya Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda, mwezi wa Februari huwakuta ng'ombe wamesimama katikati ya majani marefu ya rangi ya manjano. Hula tangu asubuhi hata jioni, na matumbo yao huonekana yamejaa. Hata hivyo mbavu zao zahesabika, na kibuyu cha maziwa ya watoto hurudi kitupu. Wengi hudhani kuwa ni ugonjwa. Mara nyingi ila i katika jani lenyewe.

Jani likitazamwa kwa hadubini lafanana na nyumba yenye vyumba vingi. Juu na chini limefunikwa kwa ngozi yenye nta, izuiayo maji yasipotee kwa jua kali. Ndani mna chembe laini zenye kuta nyembamba, nazo ndizo zenye protini na sukari. Kati ya hizo hupita mishipa ya maji, ambayo kuta zake zimekazwa kwa lignini, yaani kitu kile kile kiufanyacho mti uwe mgumu.

Ng'ombe hana uwezo wa kuyeyusha kuta hizo peke yake. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu visivyo na idadi viishivyo katika tumbo lake la kwanza, ambalo kwa ng'ombe mzima laweza kuchukua lita 100 na zaidi. Vijidudu humaliza upesi chembe laini, lakini vikifika penye lignini hukwama. Ndiyo sababu mnyama hucheua saa nyingi kila siku, ili ayasage yale yaliyokataa. Yasiposagika hukaa tumboni siku kadhaa, na chakula kipya hukosa nafasi.

Nyasi za nchi za joto zina jambo moja zaidi. Mishipa yake imekaribiana, na kila mmoja umezungukwa na pete ya chembe zenye kuta nene. Umbo hilo huzisaidia nyasi kukua penye jua kali kwa maji machache, lakini pete hiyo hiyo huvizuia vijidudu visikifikie chakula kilichomo. Mvua zinapoanza, kuta ni changa na ng'ombe hufaidi. Nyasi zikishatoa maua na mbegu, mashina huzidi majani, lignini huongezeka na protini hushuka. Ikipungua chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vyenyewe huona njaa, na kazi yote tumboni huzorota.

Miti kama mgunga ina mizizi mirefu, kwa hiyo hupata maji ambayo nyasi haziwezi kuyafikia, na majani yake huwa na protini nyingi kuliko nyasi kavu. Ila yake ni tanini, kitu kikali kikaushacho kinywa, ambacho huishika protini isitumike vema. Mbuzi huivumilia kuliko ng'ombe. Kwa hiyo jamaa mwenye banda dogo nyuma ya nyumba za kambi hufanya vema akianza na mbuzi wa maziwa.

Dawa ya kiangazi hutengenezwa wakati wa masika. Nyasi zikatwe zinapoanza kutoa maua, zianikwe na kugeuzwa mpaka zikauke zikiwa bado na rangi ya kijani, kisha zihifadhiwe juu ya uchaga chini ya paa, mbali na mvua na mchwa. Maganda ya mgunga yakusanywe yaangukapo, yatwangwe kabla ya kulishwa, kwani mbegu zake ngumu hupita tumboni nzima nzima. Ng'ombe anyonyeshaye apewe sehemu yenye majani mengi; mashina magumu yatandikwe bandani.

Mwenye kungoja mpaka nyasi zirefuke ili apate mzigo mkubwa hujaza ghala kwa kuni. Mwenye kukata mapema huweka akiba ya maziwa ya watoto wake.