Mtoto wa Laare na Theluji ya Ufaransa

Mtoto anapoanza kusomeshwa Kifaransa hakawii kukutana na swali hili: «Quel temps fait-il?» Yaani, hali ya hewa ikoje? Na majibu mara nyingi hupangwa kwa majira manne ya Ulaya, tangu maua kuchanua hadi theluji kuanguka. «Il neige,» husema mtoto kwa sauti kubwa, naye theluji hajapata kuikanyaga.

Tuchukue Laare, huko Igembe, katika vilima vya Nyambene. Sisi wa pwani twaujua mji huo kwa sababu ya mirungu, tukiipenda au tukiichukia. Huko hali ya hewa ni riziki. Mvua zao ni mbili, za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba. Zikikosa, mirungu hukataa kuchipua na bei hupanda mpaka mitaa ya Mombasa. Basi mtoto wa Laare afunzwe kwanza «il pleut», na «il y a du brouillard» kwa ukungu unaofunika vilima asubuhi. Akitaka theluji, aonyeshwe ya Mlima Kenya, wenye mita 5,199, ambao barafu yake inazidi kupungua.

Hatusemi Kifaransa kisifundishwe, hasha! Mtaala ulioanza mwaka 2017 ulipangwa umpe mtoto nafasi ya kuchagua Kifaransa, Kijerumani, Kichina au Kiarabu tangu darasa la 4. Tena wengi wetu tuna jamaa Ngazidja, ambako Kifaransa ni lugha rasmi pamoja na Kikomoro na Kiarabu, na bado watu husema kashkazi na kusi.

Kinachotusikitisha ni kwamba hata watoto wa pwani siku hizi huambiwa «il fait du vent» wasiulize ni upepo gani. Nahodha wa jahazi asingeridhika na jibu hilo. Kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni, na kusi ikayarudisha. Kusi ni upepo, na kusi ni majira. Hata Mfaransa ana jambo la namna hiyo: neno lake temps ni wakati na ni hali ya hewa pia. Na pepo zetu huziita mousson, neno lililopitia kwa Wareno kutoka mawsim ya Kiarabu, ambayo ndiyo asili ya msimu wetu. Mwalimu mwenye kulieleza hilo amefundisha lugha tatu kwa pigo moja.

Twapendekeza jambo dogo lisilo na gharama. Kila asubuhi mtoto atazame mbingu, aandike alichokiona kwa Kimeru, kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa. Baada ya mwaka mmoja darasa la Laare litakuwa na daftari la mvua ambalo hata mkulima wa mirungu atataka kulifunua.