Nyama ya Msituni Mlangoni Mwetu



Barua ya wiki hii imetoka kwa dada yetu mmoja wa upande wa Witu. Anaeleza kwamba kila Ramadhani inapokaribia, hupita mtu alfajiri nyumba hadi nyumba na mfuko wa nailoni wenye nyama isiyo na mhuri wa kichinjio. Husema ni nyama ya paa, amechinjwa vizuri, na bei yake ni nusu ya bei ya buchani. Dada anauliza mambo mawili: nyama hiyo ni halali? Na je, ni kweli, kama alivyoambiwa na muuzaji, kwamba kuna msimu ambao serikali huruhusu watu kuwinda?

Tutangulize swali la pili, kwa kuwa jawabu lake ni jepesi. Msimu hakuna. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwezi wa Mei 1977, leseni zikafutwa, na mwaka uliofuata ikafungwa biashara ya ngozi na pembe za wanyama wa mwitu. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ilikaza zaidi. Ilimtaja hata yule anayewinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani kwake, ikamwekea faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili. Ama anayewinda ili auze nyama, na yeyote anayekutwa nayo, sheria hiyo ilipopitishwa iliweka faini isiyopungua shilingi 200,000 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja. Dada zangu, someni tena maneno hayo, "anayekutwa nayo". Muuzaji huenda zake kabla jua halijachomoza. Nyama hubaki katika sufuria ya nani?

Nadhani mkanganyiko wa msimu umetoka kwa jirani. Tanzania uwindaji unaruhusiwa kwa leseni: kuna vitalu vilivyopimwa, msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa mwezi wa Julai, na leseni hutaja mnyama gani na wangapi. Tena tangu mwaka 2020 wamewekewa kanuni za kufungua mabucha maalumu ya nyamapori. Wengi wetu tuna ndugu Tanga na Unguja, na habari hizo hutufikia nusunusu. Lakini ruhusa ya huko haivuki mpaka wa Lungalunga. Shangazi akikufungia kipande cha nyama hiyo kwa mapenzi, mshukuru na umwachie huko huko.

Sasa tuje kwenye swali la kwanza, ambalo ndilo zito. Kuwinda kwa asili yake ni halali, na Surat al-Maida imelieleza jambo hilo kwa urefu. Dini yenyewe imeuwekea uwindaji mipaka: aliyehirimia Hija au Umra haruhusiwi kuwinda mnyama wa nchi kavu, na ardhi ya Haram hawindwi mnyama wake wakati wowote. Mwindaji awe ni mtu ambaye kichinjo chake kinafaa. Ataje Jina la Allah anapofyatua mshale au anapomwachia mbwa aliyefunzwa. Na mbwa huyo akimla mnyama, basi mnyama huyo haliwi, kwa kuwa mbwa amejiwindia mwenyewe. Akimkuta mnyama angali hai, amchinje. Wenye meno ya kurarua, kama chui na nyani, hawaliwi hata wakichinjwa kwa kisu chenye makali namna gani.

Lakini paa anayeletwa mlangoni mwetu hakupigwa mshale. Katika misitu yetu, Arabuko-Sokoke ukiwa mmoja wapo, anayewinda kwa siri hutega tanzi za waya kwenye vijia vya wanyama. Huzitega nyingi, na kwa kuwa anaogopa askari wa wanyamapori, huzizungukia anapopata nafasi, pengine kesho yake, pengine keshokutwa. Mnyama aliyeingiza shingo humo hujinyonga mwenyewe kadiri anavyojivuta. Na aliyekufa kwa kunyongwa ametajwa waziwazi katika aya ya 3 ya sura hiyo hiyo, pamoja na mzoga, damu na nyama ya nguruwe. Kumpitisha kisu shingoni akiwa amekwisha kufa hakumrudishii uhalali. Hapo hatubishani juu ya karaha. Huyo ni mzoga.

Najua atatokea wa kunikumbusha hadithi ya Bi Aisha (r.a.). Watu walimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya nyama waliyoletewa na watu wasiojulikana kama wameitajia Jina la Allah au la, naye akawaelekeza waitaje wao wenyewe kisha wale. Hadithi hiyo ni sahihi, na ni rehema kubwa kwetu. Lakini wale walioleta nyama walikuwa Waislamu wapya, na Muislamu hudhaniwa wema katika kichinjo chake. Hapa tulipo, dalili zote zinaelekea upande wa tanzi: mletaji hataki kuonekana, mnyama hana ngozi wala kichwa, na nyama ni nyeusi, damu imegandia ndani. Dhana njema haimtaki mtu afumbe macho mbele ya dalili.

Liko pia jambo la afya. Ng'ombe wa buchani hukaguliwa na daktari wa mifugo. Paa wa mfukoni hakukaguliwa na yeyote. Kimeta huua wanyama wa mwitu kama kiuavyo mifugo, na anayeshika nyama ya mnyama aliyekufa kwa kimeta huweza kuupata ugonjwa huo kwa mkwaruzo tu wa kidole. Na mwenye kuikatakata nyama jikoni ni nani, kama si mama na binti yake?

Haya nimeyasema bila kusita, lakini liko moja linalonipa uzito moyoni. Katika msitu wa Boni, kaskazini ya Lamu, wako ndugu zetu Waawer, tuliozoea kuwaita Waboni. Ni Waislamu, na mababu zao waliishi kwa upinde na asali. Serikali ya kikoloni ilipoleta leseni, mgeni aliyekuwa na fedha aliwinda kwa fahari, na mwenyeji mwenye upinde akaitwa mwizi wa wanyama. Miaka ya 1960 vita vya Shifta viliwatoa msituni vikawapanga kando ya barabara, Basuba, Milimani, Mangai. Mwaka 1976 Boni na Dodori zikatangazwa hifadhi. Mwaka mmoja baadaye likaja katazo. Na tangu 2015 operesheni za usalama zimewazuia hata kuingia msituni kurina asali. Kumwambia mzee wa Kiboni kwamba kitoweo cha babu yake ni jinai, bila kumpa shamba linalolindwa na tembo wala shule ya watoto karibu, si uadilifu. Kutii wenye mamlaka hakumzuii mtu kuwadai haki.

Hata hivyo, anayetega tanzi leo apeleke nyama mjini si mzee huyo. Na anachokimaliza hakirudi. Paa nunga, yule mdogo mwenye mgongo mwekundu na mstari mweupe pajani, hapatikani popote duniani isipokuwa Unguja na katika misitu hii ya pwani yetu. Sange mkubwa mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, anayejulikana zaidi Arabuko-Sokoke, hunaswa na tanzi lile lile.

Kwa dada wa Witu: usiinunue nyama hiyo, na majirani uwaeleze kwa upole, maana wengi hununua kwa uchache wa fedha wala si kwa ukaidi. Kilo ya maharagwe na nazi mbili hutosha daku ya watu wengi. Ama asali ya Waboni, ukiikuta Lamu au Hindi na ukamjua anayeiuza, inunue, wala usimpunguzie bei.