Pampu ya Moyo Pekee Haitoshi

Wagonjwa waliowekewa pampu ya moyo huwa na swali ambalo namba za mashine hazilijibu: ikiwa damu inazunguka vizuri, mbona kupanda ngazi bado kunachosha? Mara nyingi huambiwa washukuru kuwa hai na wapumzike. Kwa maoni yangu, ushauri huo una madhara.

Kwamba pampu huokoa maisha, hilo halina ubishi. Utafiti wa REMATCH uliochapishwa Marekani mwaka 2001, uliowahusu wagonjwa 129 wasiofaa kupandikizwa moyo, ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja takriban nusu ya waliowekewa pampu walikuwa hai, ilhali kwa waliotumia dawa pekee ilikuwa robo tu. Pampu za leo ni ndogo na bora zaidi. Hata hivyo, wagonjwa hawa wanapopimwa wakifanya mazoezi, uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni mara nyingi hubaki karibu nusu ya ule unaotarajiwa kwa umri wao.

Chanzo kimojawapo kimo ndani ya mishipa. Pampu za kisasa husukuma damu mfululizo, na mapigo hudhoofika hata yasipapasike mkononi. Kwa kawaida, damu inayopita husugua utando wa ndani wa mshipa. Utando huo hutoa oksidi ya nitriki, na mshipa hutanuka. Ugonjwa wa moyo huwa umekwisha kuudhuru utando huo kabla ya upasuaji, na mtiririko usio na mapigo hauusaidii kupona. Zaidi ya hayo, kasi ya pampu hupangwa na daktari. Haiongezeki yenyewe mgonjwa anapoharakisha hatua. Misuli nayo imekwisha kunyauka kwa miezi ya kulala kitandani. Damu ikifika kwenye mishipa isiyotanuka na misuli isiyo na nguvu, faida yake hupungua.

Dawa ya hali hiyo ni mazoezi yanayosimamiwa, nayo yaandikwe na daktari kwa kipimo kama vidonge vinavyoandikwa. Miongoni mwa wagonjwa wa bima ya Medicare nchini Marekani waliowekewa pampu mwaka 2014, takriban asilimia 30 tu ndio walioshiriki mpango wa mazoezi tiba, nao walilazwa na kufariki kwa kiwango cha chini kuliko wenzao. Ni kweli, huenda walioshiriki walikuwa na afya nafuu tangu mwanzo. Lakini hiyo si sababu ya kuwaacha waliobaki bila huduma.

Naielewa hofu ya wahudumu na ya familia. Waya unaotoka tumboni unaweza kuvutika, na dawa za kuzuia damu kuganda huongeza hatari ya kuvuja damu. Hofu hiyo idai tahadhari, isiwe amri ya kulala. Waya ufungwe imara, betri za akiba ziwepo, kuogelea na michezo ya kugongana viepukwe. Kwa kuwa mapigo hayaaminiki, mgonjwa aongozwe na pumzi yake: aweze kuzungumza anapotembea. Akipata kizunguzungu, maumivu ya kifua, au pampu ikitoa kengele, asimame na aombe msaada.

Somo hili linawahusu pia wagonjwa wetu wa moyo ulioshindwa ambao hawana pampu, na ambao huenda wasiipate kamwe. Mishipa na misuli yao hudhoofika vivyo hivyo. Utafiti wa HF-ACTION wa mwaka 2009, uliohusisha wagonjwa 2,331, ulionyesha kuwa mazoezi ni salama kwa wagonjwa wa namna hii wenye hali tulivu. Kutembea kwa mpangilio hakuhitaji mashine ya gharama kubwa.

Basi kila anayeruhusiwa kwenda nyumbani aondoke na cheti cha dawa na cha mazoezi pia. Nasi tunapopima mafanikio ya tiba, pamoja na kuuliza kama mgonjwa yu hai, tuulize anaweza kutembea hadi wapi.